Hamu Ndiyo Inayopunguzwa

Mazungumzo na kina mama na vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, wazee wetu mlioketi huku mbele, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ilhali viti vipo, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya dawa za kupunguza mwili. Nilikubali kwa sharti kwamba nianze na jina lenyewe, maana miaka yangu ishirini na kitu nyuma ya kaunta ya duka la dawa imenionyesha jina likimdhuru mtu kabla ya dawa kumfika.

Kuna mama mmoja. Jina lake na mtaa wake sitavitaja. Ana kisukari, na kila asubuhi humeza glibenklamaidi kama alivyoandikiwa. Arusi ya kitinda mimba wake ilikuwa imekaribia, gauni limeshashonwa, na shoga yake akamletea vidonge vya kupunguza mwili ndani ya kifuko kisicho na jina la mtengenezaji. Akavimeza. Siku ya tatu chakula kikamtoka moyoni kabisa, akafurahi, akaona dawa inafanya kazi. Asubuhi akameza kidonge chake cha sukari, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, andazi asiliguse. Adhuhuri ikapita. Alasiri mjukuu wake akamkuta jikoni amerowa jasho, mikono yatetemeka, maneno hayashikani. Yule mtoto, Mungu ambariki, alikuwa amefunzwa: akakoroga maji ya sukari akamnywesha kidogo kidogo, kisha akaita watu wampeleke hospitali.

Alipopona alikuja dukani akaketi kwenye kibao. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani zayeyusha mafuta. Lau ningejua zaniondolea hamu ya kula, ningejilazimisha kula."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba siku nikipewa watu wa kunisikiliza, nitawaeleza jambo hili. Glibenklamaidi husukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Sukari iliyomo mwilini itashushwa tu. Anayeimeza lazima ale. Basi ukimpa mtu kama huyo dawa inayomwondolea hamu, halafu ukamwambia ni dawa ya kupunguza mwili, umemficha hilo hilo ambalo lingemwokoa. Jina limemwambia tumaini lake, halikumwambia kazi ya dawa.

Madaktari wana jina lao. Huita anorektiki. Vitabu vingine vyasema anoreksianti, vingine anoreksijeniki. Maana ni moja. Neno hili ni la Kigiriki. Mwanzo wake, an-, ni ukanusho, kama sisi tusemavyo "bila". Oreksis ni hamu, na ukienda hadi kwenye kitenzi chake utakuta maana ya kunyoosha mkono kufikia kitu. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliona sinia. Mnajua sinia la pilau likiwekwa mkekani, watu wanne watano wamelizunguka, mikono inaingia na kutoka. Mara mmoja anauondoa mkono wake mapema, na mwenye nyumba anamuuliza, "Mbona hivyo, huli?" Anorektiki ni hiyo: dawa inayouondoa mkono kwenye sinia. Nyama ipo, wali upo, tumbo lina nafasi, ila mkono haunyooki.

Na hapa Kiswahili chetu kimetutangulia, maana kimetenga njaa na hamu tangu zamani. Njaa huuma. Hamu huja. Mgonjwa wa malaria hajala siku mbili, tumbo lake ni tupu, ukimletea uji anageuza uso: ana njaa mwilini na hamu hana. Na sisi hapa, tukishakula biriani mpaka tukaegemea ukuta, zikipitishwa kaimati tunachukua mbili: njaa imekwisha, hamu ipo. Mwanafunzi wa udaktari hufunzwa tofauti hii darasani. Bibi yako anaijua bila darasa.

Mwilini jambo hili lina makao. Ndani ya ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ndogo ukubwa wa lozi iitwayo haipothalamasi. Hapo hufika habari kutoka mwili mzima. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, nayo hupanda kabla ya chakula na kukuambia kula. Mafuta ya mwili hutoa leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, kueleza akiba iliyopo. Utumbo nao, chakula kikishafika, hutuma homoni zake za kusema basi. Anayefunga Ramadhani ameiona grelini kwa macho yake ingawa jina hakulijua: saa saba mchana, saa aliyozoea kula, tumbo linanguruma na kichwa kinawaza sambusa. Saa tisa limenyamaza, na hakuna kilichoingia mdomoni. Grelini hupanda saa za mazoea kisha hushuka.

Dawa za anorektiki hufanya kazi kwenye mazungumzo hayo ya mwili na ubongo. Kidonge hakiendi kiunoni kutafuta mafuta. Kinakwenda kichwani. Ndiyo maana zile za zamani zilifuatana na usingizi kupotea, moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na presha kupanda.

Sasa tazameni vitu tunavyovitia kapu moja kwa jina hili la "kupunguza mwili". Kuna chai za kukonda, na nyingi ukizichunguza ni sanamaki, ile ile waliyotunywesha bibi zetu tumbo likifunga. Sanamaki inaharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, na ukinywa maji inapanda. Kuna vidonge vya kukojoza, vya wagonjwa wa moyo na presha, ambavyo watu huazimana kama chumvi. Navyo hutoa maji na kutoa madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Kuna orlistati, dawa halali, ambayo huzuia kiasi cha theluthi moja ya mafuta ya chakula yasinyonywe utumboni. Ukila viazi karai na mishkaki yenye mafuta, choo kitakueleza. Hizi zote tatu hazigusi hamu hata kidogo. Ya nne ndiyo anorektiki. Mtu akija kaunta akaniambia amekunywa dawa ya kupunguza mwili, sijui kama nimuulize juu ya maji, choo, moyo au akili yake. Lazima nianze upya.

Historia ya anorektiki ina machungu, na sitaipitia yote. Amfetamini iliundwa maabara mwaka 1887 na haikuwa na kazi kwa miaka mingi. Vita vya Pili vya Dunia askari wa pande zote walipewa dawa za jamii hiyo wasilale, na madaktari walikwisha kuona kwamba anayezimeza hali. Baada ya vita zikaandikiwa kina mama wa Marekani waliotaka kukonda. Wengi hawakuweza kuziacha. Fentamini, ndugu yake mpole zaidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1959, na hadi leo maelezo yake yasema ni ya wiki chache tu.

Iliyonikaa moyoni zaidi ni aminoreksi. Iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1965, na watu wakaipenda. Kisha madaktari wa moyo wakaanza kupokea wagonjwa wasioweza kupanda ngazi bila kuhema: presha ilikuwa imepanda ndani ya mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao kwa kawaida ni nadra sana. Dawa ikaondolewa mwaka 1968. Baadhi ya wale wagonjwa walikuwa wameshakufa, na wengine walikufa baadaye. Ungefikiri somo limeeleweka. Fenfluramini ikaja, ikachanganywa na fentamini, ikamezwa na mamilioni ya Wamarekani, na Septemba 1997 ikaondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo, yaani vile vilango vya kupitishia damu. Sibutramini ikafuata, ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na nawaomba mnisikilize hapa: sibutramini haikutoweka. Maabara za nchi nyingi zimeikuta mara kwa mara ndani ya vidonge na kahawa za kukondesha zilizoandikwa kwamba ni mitishamba mitupu. Kifuko kikikuondolea hamu siku ya pili, na juu yake pameandikwa majani na tangawizi, basi shuku. Tangawizi tunaitia kwenye chai kila siku, na bado mahamri yanaisha.

Mnaoijua miraa nanyi mnaijua anorektiki. Kiswahili kina jambo la kutazamwa hapa: twasema fulani anakula miraa, na anayekula miraa hali chakula. Mke anapika, anafunika, anafunua usiku, kipo kama alivyokiacha. Jani bichi la miraa, na la muguka vilevile, lina kemikali iitwayo katinoni, ambayo mwaka 1975 wanakemia wa maabara ya Umoja wa Mataifa waliitenga na kuona inafanana mno na amfetamini. Hunyauka na jani, ndiyo sababu ya zile gari kuteremka kutoka Meru kwa kasi ya kutisha. Mei 2024 serikali ya kaunti yetu ilipiga marufuku muguka na mahakama ikaisimamisha amri ile. Mambo hayo yana wenyewe. Mimi nasema tu kama mfamasia: kijana anayetafuna kutwa kisha akaongeza kidonge cha kukondesha juu yake, moyo wake umepigwa mijeledi miwili.

Tuje kwenye sindano, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi. Semaglutaidi. Ina mwanzo wa ajabu: katika mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani na Meksiko ilipatikana kemikali inayofanana na homoni ya utumbo wetu, ile inayotoka tukishakula. Kutokana nayo ilipatikana dawa ya kisukari mwaka 2005, na baadaye zikaundwa nyingine zinazoiga homoni yetu wenyewe. Semaglutaidi iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa unene kwa jina la Wegovy. Hudungwa mara moja kwa wiki. Huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na huufikia ubongo ukahisi shibe mapema. Katika utafiti mkubwa wa wiki 68, waliodungwa walipungua kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wao. Walipoacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya walichopunguza ilikuwa imerudi. Hilo halinishangazi. Hamu ilikuwa imeshikwa, na aliyeishika ameachilia.

Je, sindano hii ni anorektiki? Kwa kazi yake, ndiyo, hupunguza hamu. Kwa matumizi ya neno, madaktari wengi hawaiiti hivyo. Neno anorektiki limebaki na harufu ya amfetamini na vali zilizoharibika, na siku hizi husema dawa za unene. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kupanga dawa, semaglutaidi imewekwa upande wa dawa za kisukari. Mnaona, hata wenyewe jina linawasumbua. Mimi sioni aibu kuiweka kundi moja na zile kwa upande wa hamu, mradi nieleze pia kwamba njia yake ni nyingine na kwamba kwa mgonjwa anayestahiki, chini ya daktari, imekuwa msaada wa kweli. Msiinunue kwa mtu wa mtandaoni anayeileta na feri kwenye mfuko wa plastiki. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia. Anayetaka kupata mimba huiacha miezi miwili kabla. Na kama unatumia insulini au glibenklamaidi, basi rudini kwa yule mama niliyeanza naye.

Nimebakiza upande wa pili wa neno, nao ndio unaotisha watu bure. Mzazi mmoja alinijia na karatasi ya hospitali ya binti yake wa darasa la sita. Mtoto alikuwa na homa ya matumbo. Kwenye karatasi, kati ya dalili, pameandikwa anoreksia. Baba akaitafuta kwenye simu, akaona picha za wasichana waliobaki mifupa, akakesha. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe ana wazimu wa kujinyima chakula. Nikamwambia, baba, hapa maana yake ni kwamba mtoto hana hamu ya kula. Basi. Daktari hutumia neno hilo moja kwa dalili hii ya kawaida kabisa, na kwa ugonjwa wa akili uitwao anoreksia nevosa, jina lililotolewa na tabibu William Gull wa Uingereza mwaka 1873. Na jina lile la Gull halikukaa vizuri, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huo njaa inawauma kweli, wanapigana nayo. Ugonjwa huo upo, hauchagui nchi, na anayeuugua anahitaji msaada mkubwa. Lakini siyo kila karatasi yenye neno hilo inausema. Mkisoma karatasi iliyo ndani ya paketi ya metfomini, dawa ya kisukari, mtalikuta pia, upande wa madhara: kukosa hamu.

Ugumu wa neno hauishii hapo. Kwa lugha za Ulaya, anorektiki yaweza kuwa dawa, na yaweza kuwa mgonjwa. Sisi ngeli zetu zinatuokoa. Dawa tunaiweka kwenye ki-, kama kiuavijasumu, kama kipunguza maumivu. Mtu tunamweka kwenye m-. Hawawezi kuchanganyika.

Kwa hiyo tuiite nini? Nimesikia "kikata njaa" na "kikata hamu", na nimeviogopa vyote viwili. Mtu akinywa dafu amekata kiu. Akila mkate wa mofa amekata njaa. Kukata, kwetu, ni kutimiza haja kwa kitu chenyewe. Anayeambiwa kidonge kinakata njaa ataelewa kwamba kidonge kina chakula ndani yake, na nimekutana na mama anayenyonyesha aliyeelewa hivyo hivyo. "Kiua hamu" kinapita kiasi, kwa sababu hamu haifi, hurudi. Mimi nimechagua kipunguza hamu ya kula. Neno la kupunguza mmelizoea. Ninachowaomba ni kubadilisha linalofuata. Semeni dawa ya kupunguza hamu. Mkisema hivyo, maswali yanakuja yenyewe: nitakula nini basi, nitakunywaje vidonge vyangu vinavyotaka chakula, nina presha, nina mimba, nanyonyesha, je, hamu itarudi lini na itarudi na nguvu gani?

Kwenye vibandiko vya duka letu nimeanza kuandika hivyo kwa mkono. "Hupunguza hamu ya kula. Kula hata kama hutaki." Vibandiko ni vidogo na mwandiko wangu ni mkubwa, ila unasomeka.

Nimeweka meza pale kando ya dirisha. Waliokuja na pakiti zao, kama nilivyoomba, wazilete tuzisome pamoja, hata zile zilizoandikwa kwa lugha tusizozijua. Nina kijana hapa anasoma Kichina kidogo. Sitamuuliza mtu alinunua wapi wala kwa nani. Na kabla ya hapo tuanze na maswali. Naona mama kule nyuma, mwenye leso ya manjano, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mama, sema kwa sauti.